Masikio Aliyokula Cucu

Juzi ng'ombe wangu alizaa vizuri, ndama wa kike, lakini kondo la nyuma likakataa kutoka. Lilining'inia pale nyuma mpaka likaanza kuoza, na kama umewahi kuishi na ng'ombe, rafiki yangu, unaijua hiyo harufu. Si ya mavi, si ya maziwa yaliyochacha. Ni harufu inayoingia kwa nguo na kukataa kufuliwa. Mke wa mjukuu wangu alijifunga leso puani akasema leo yeye hakami, hata wamfukuze. Tukapiga simu, na aliyekuja na pikipiki alikuwa msichana. Ana vishimo mashavuni, viatu vya mpira mpaka magotini. Alivua sweta, akavaa glavu ya plastiki inayofika begani, akaniambia, "Cucu, nishikie mkia," kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Kisha mkono wote ukaingia.

Nilishika mkia. Ule uvundo nikauvuta wote kifuani, sikugeuza uso. Na wacha nikuambie, kilichonipanda kooni hakikuwa kinyaa cha ng'ombe. Kilikuwa kinyaa cha shati jeupe, cha kitambaa cheupe cha kupangusia mdomo, na cha wanaume wazima waliokuwa wakilamba vidole nyumbani kwetu, miaka ile ya kwanza ya uhuru. Nimezeeka, meno yamebaki ya kuhesabika, lakini kile kinyaa hakijazeeka hata kidogo.

Kwetu kulikuwa upande wa juu wa mji wa Nyeri, pale ambapo kahawa inaishia na majani chai yanaanza. Mlima tulikuwa tunauona asubuhi tu, kabla haujajifunika. Chini mtoni kulikuwa na kiwanda cha kahawa, na msimu wa kuchuma, maji ya maganda yalimwagwa mtoni, mto mzima ukanuka kama matapishi ya mlevi. Tulichota maji juu ya kiwanda, walio chini walichota walichopewa. Asubuhi tulikunywa uji wa kuchachuka kutoka kwenye kibuyu, mchana githeri, mahindi na maharagwe, jioni githeri iliyopondwa na viazi ili ionekane ni kitu kingine. Mvua ikipiga mabati hatukusikiana, na mama alikuwa akingoja mvua kama hiyo ili atukane watu kwa sauti bila kusikika.

Dada yangu mkubwa aliitwa Wangeci. Hapa nataka unisikilize, maana bila hii huwezi kuelewa walichomfanyia. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Cucu yetu, yaani bibi yetu, alikuwa Wangeci, basi dada yangu akawa Wangeci, na baba aliwaita wote wawili maitu, yaani mama. Usidhani ni mzaha wa kubembeleza mtoto. Ukibeba jina la mtu, wewe ni yeye. Nimemwona baba, mtu mzima na ndevu zake, akisimama mbele ya mtoto aliyevunja chungu na kusema, "Maitu, sasa umenivunjia chungu," halafu anaenda zake, maana nani humpiga mama yake? Mimi nilikuwa Nyambura, jina la kutoka upande wa mama. Mimi nilipigwa.

Halafu kulikuwa na Dezi. Dezi alikuwa ng'ombe wa gredi, wa kizungu wa maziwa mengi, mkubwa, mwekundu, macho kama ya bibi harusi. Wakati wa mkoloni watu kama sisi hatukuachiwa kufuga ng'ombe wa namna hiyo. Uhuru ulipokuja, baba alienda Nanyuki kwa mzungu mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao, akaja naye kwa miguu, akimwongoza kwa kamba kama anayetembea na mgeni wa heshima. Njia nzima watu walitoka mashambani kutazama. Dezi alikula vizuri kuliko sisi. Alipelekwa dipu kila wiki, akirudi ananuka dawa na sisi tunanuka dawa naye. Maziwa yake yaliamka kabla ya jua, yakaenda barabarani kungoja lori la chama cha wafugaji, na sisi tukabaki kulamba povu kwenye ndoo.

Ni Dezi aliyenitoa shuleni. Wangeci alipoitwa shule ya wasichana ya bweni, ilibidi mtu abaki akate nyasi. Darasa la nne sikulimaliza. Sikulia sana, wasichana wengi wa rika langu walitolewa hivyo hivyo, mmoja anasoma, mmoja anabeba. Mama alinifunga kamba ya kubebea nyasi kichwani akaniambia, "Nyambura, huyo dada yako atakusomea na wewe." Niliyashika hayo maneno. Kwa hivyo mambo ya Wangeci kusoma nini, hayakuwa mambo yake peke yake. Kila mzigo wa nyasi nilioubeba mgongoni ulikuwa na haki ya kujua unaenda wapi.

Basi Wangeci akafika kidato cha nne. Likizo ya Agosti alikuja na habari kwamba shule zikifunguliwa, kila msichana atasema anataka kwenda kusomea nini mbele. Wa sayansi wanaenda huku, wale wengine wanaenda kule, na ukishachagua hakuna kurudi nyuma. Yeye alikuwa ameshachagua, lakini hakusema. Dezi ndiye aliyemsemea.

Ilikuwa mchana, baba ameenda soko la Karatina. Dezi alianza kuzaa tangu asubuhi na kitu hakitoki. Majirani wakaja, unajua ng'ombe akishindwa kuzaa wanaume hukusanyika kama nzi, si kusaidia, ni kungoja nyama. Mzee Gathogo, jirani yetu wa upande wa chini, alikuwa amekuja na kisu tayari.

"Ichinjwe kabla haijajifia," akasema. "Nyama ya kujifia haina utamu."

Na baba mdogo alikuwepo. Kimondo, mdogo wake baba, karani katika ofisi moja mjini Nyeri. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, viatu alivipangusa kila hatua. Alisimama mbali na kitambaa chake cheupe puani, akitoa amri kutoka ndani ya kitambaa.

Wangeci akatoka jikoni, akatazama, akavua sweta ya shule. "Nyambura, leta sabuni. Na yale mafuta ya mama ya kupikia."

"Wee msichana!" Gathogo akaruka. "Toka hapo! Hiyo ni kazi ya wanaume!"

"Ni kazi ya mwenye mkono mwembamba," Wangeci akasema, akijipaka sabuni mpaka kwapani. "Baba mdogo, wewe uko na mkono mwembamba. Kuja basi uingize."

Watu walicheka. Kimondo hakucheka. Lazima ujue kwamba enzi hizo sisi wasichana hatukuruhusiwa hata kusimama karibu ng'ombe akipandwa. Tulitumwa kuchota maji hata kama mitungi imejaa. Na sasa huyu, msichana wa kuolewa, anaingiza mkono wa kushoto, maana alikuwa wa mkono wa kushoto, ndani ya Dezi mbele ya wazee. Alifumba macho kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha chini ya kitanda. Jasho likamtoka. Dezi akalia. Mimi nilishika mkia.

"Nimepata goti," akasema polepole. "Limekunjika nyuma. Ngoja. Ngoja, mama, usisukume." Alikuwa anaongea na Dezi.

Akausukuma mguu nyuma, akaukunjua, akashika kwato, akavuta. Ndama alitoka kama gunia lenye maji, ute kila mahali, na Wangeci akaanguka matakoni naye mapajani. Ndama hakupumua. Wangeci akampangusa pua kwa mkono, akachomeka jani la nyasi puani, akampulizia mdomo kwa pua. Ndama akapiga chafya, kamasi yote ikamrukia usoni. Dada yangu akacheka. Nimeona harusi nyingi, nimeona watu wakipata watoto na mashamba, lakini sijaona mtu mwenye furaha kama hiyo.

Wanaume walitema mate. Kweli, mmoja baada ya mwingine, wakatema chini na kugeuka.

"Huyo mkono," Gathogo akasema akirudisha kisu chake, "nani atapokea chakula kutoka kwa huyo mkono?"

Cucu alikuwa amesogezwa na mama mpaka uani. Macho yake yalikuwa na ukungu, alitambua watu kwa kugusa. Akamwita Wangeci, akaushika ule mkono wenye damu na ute, akaupapasa kutoka kwa vidole hadi begani, akaunusa. Alinusa kwa raha, kama mtu anayenusa mkate.

"Huu mkono ni wangu," akasema.

Kwetu hilo halikuwa neno la kupita.

Jioni hiyo Wangeci akamwambia baba anachotaka: kuwa daktari wa mifugo. Baba akasema tutaona. Na siku chache baadaye akaja Mwalimu Wafula, aliyemfundisha sayansi. Alikuwa mtu wa kutoka magharibi, mrefu, suruali fupi kidogo kwa ile miguu. Alikuja na baiskeli ya kuazima, vumbi mpaka nyusi, ili aongee na baba kabla shule hazijafunguliwa.

"Mzee, msichana yako anaweza kuwa daktari," akasema.

"Ya watu?" baba akauliza, uso umefunguka.

"Ya ng'ombe."

Uso ukafungwa. Kimondo, ambaye siku hizo alikuwa haondoki kwetu, akaweka kikombe chini. "Mwalimu, samahani nikuulize. Kwenu wasichana hupandisha ng'ombe?"

"Kwetu ng'ombe ikipona tunashukuru," Mwalimu Wafula akasema. "Hatuulizi ni mkono ya nani."

Walicheka, wakampongeza kwa Kiswahili chake, wakamjazia chai. Alikunywa yote kwa adabu, akaniachia kikombe mkononi akasema, "Asante, Nyambura." Alikuwa amelishika jina langu kwa kulisikia mara moja. Kisha akapanda baiskeli yake. Hawakungoja hata afike kona wakaanza kuigiza vile anavyotembea. Nilikuwa mtoto, lakini hapo ndipo nilianza kuwaonea kinyaa.

Sasa nikuambie Kimondo alitaka nini. Wakati ule mashamba yalikuwa yamepimwa na kugawanywa upya, na kila kilima kilikuwa na kesi zake. Kimondo alikuwa na kesi ya mpaka, aliipenda kuliko mke wake. Asubuhi aliongea mpaka, jioni aliongea mpaka. "Nyumba hii inataka wakili," ndio ulikuwa wimbo wake. "Siyo mtu wa kupekua matako ya ng'ombe. Wakili! Avae ile nguo nyeusi, asimame mbele ya jaji, aseme, huo mti ulipandwa na babu yangu." Baba alimsikiza, maana Kimondo ndiye alikuwa na shati.

Akaleta mbuzi. Alimleta mwenyewe, wa rangi ya majivu, siku ya Jumamosi, akawaita wazee wa mbari, wa ukoo wetu. Na hapa tena nisikilize vizuri. Shauri zito kwetu lilikatwa kwa mbuzi. Hakuna kupiga kura, hakuna kuinua mkono. Kila mtu ana kipande chake kwa mila, na ukila kipande chako, umekubali. Hutaki, huli, na shauri linabaki bichi. Lakini ukishakula halafu jambo livunjwe, ubaya haumfuati aliyevunja. Unamfuata aliyekula. Watu walikufa kwa hayo, au tuliambiwa walikufa, na kwetu kuambiwa kulitosha. Kipande cha msichana ni masikio, ati awe msikivu.

Walichoma kutwa nzima. Sitakudanganya, ile harufu ilikuwa tamu, mafuta yakidondoka kwenye majivu, na mimi nilimeza mate nyuma ya jiko. Mama alimenya viazi kwa nguvu, akivitupa kwenye sufuria kama anayewapiga watu mawe. Wazee walikaa kwa mviringo wakakata shauri kabla hata ya nyama kuiva. Mafuta yaliwatiririka mpaka kwenye viwiko, wakayafuata kwa ulimi. Hakuna aliyetaja Mwalimu Wafula. Hakuna aliyetaja ndama, aliyekuwa akinyonya pale pale mbele yao, mzima.

Wakamwita Wangeci. Kimondo akamnyooshea masikio kwenye jani la ndizi.

"Asante, baba mdogo," akasema. "Sili."

"Huli kwa nini? Uko mgonjwa?"

"Siko mgonjwa. Sijakubali."

Baba akainamisha kichwa, akasema kwa upole sana, "Maitu, kula tu."

"Maitu wako amekataa," Wangeci akamjibu. Hakupandisha sauti. "Mimi ni mama yako, na nimekataa."

Rafiki yangu, nilitaka kupiga vigelegele. Mtu atamlazimishaje mama yake? Wazee walitazama chini, Gathogo akajikuna shingo, na nikaona kabisa kwamba shauri limebaki bichi, na nyasi zangu zinaenda kule zinakotaka kwenda.

Ndipo Kimondo akatabasamu. Nakumbuka lile tabasamu kuliko ninavyokumbuka sura ya mume wangu. Akachukua lile jani la ndizi, akatoa kisu kidogo, akayakatakata masikio vipande vidogo vidogo, vya mtu asiye na meno. Akaenda nayo mpaka mlangoni pa Cucu, ambapo alikuwa ameketi akiota jua, hasikii vizuri, haoni.

"Maitu," akamwambia, maana ni mama yake aliyemzaa, "nimekuletea kitu laini."

"Ni nani? Ni Kimondo? Ubarikiwe, mwanangu. Umenikumbuka."

Alimlisha kwa mkono wake. Kipande kimoja kimoja. Cucu alitafuna kwa ufizi, akimbariki katikati ya kutafuna, mafuta yakimshuka kidevuni, na Kimondo akampangusa kwa kile kitambaa cheupe, taratibu, kama mtoto mwema. Alipomaliza akasimama, akageukia wazee, akasema kwa sauti ya ofisini:

"Wangeci amekula."

Mmoja akaanza kucheka, halafu akanyamaza, maana aliona haikuwa mzaha. Wangeci amekula. Jina ni moja, mtu ni mmoja. Wakatazamana. "Amekula," akasema Gathogo. "Amekula," wakasema wengine, mmoja mmoja. Baba akamtazama Cucu, akamtazama dada yangu, na nilimwona vile alitaka mtu amkataze. Hakuna aliyemkataza.

"Maitu amekula," akasema, na akaendelea na mbavu zake.

Nimeosha vidonda vya usaha. Nimefukua ndama aliyekufa na funza ndani. Nimewauguza watu mpaka wakafa mikononi mwangu, na uchafu wa mgonjwa ni uchafu, lakini unaoshwa unaisha. Kile kitambaa hakijawahi kuniisha. Kilikunjwa vizuri, pembe kwa pembe, mafuta ya mama yake ndani, kikarudi mfukoni nyuma ya kalamu mbili.

Mama ndiye aliyemwambia. Alitoka jikoni na kisu cha viazi mkononi, mbele ya wazee, jambo ambalo mwanamke aliyeolewa hakufanya. Akamwinamia Cucu sikioni: "Wamekulisha masikio ya msichana."

Cucu akaingiza vidole kooni. Alijaribu, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama, machozi yakamtoka kwenye yale macho ya ukungu, mate marefu yakining'inia, lakini nyama haikurudi. Wanaume waligeuza nyuso. Walioona sawa kumlisha hawakuona sawa kumtazama akitapika.

"Kimondo," akaita akitafuta hewani kwa mkono. "Kimondo. Ulinyonya haya matiti. Leo umenifanya bakuli."

Kimondo alisema amechelewa mjini.

Wangeci alileta maji, akamsukutua Cucu, akampangusa kwa kanga yake. Hakulia. Utaniuliza, si angekataa tu? Wajukuu wangu huniuliza hivyo, wao na simu zao. Angekataa, ubaya ungemfuata aliyekula. Kama Wangeci aliamini hayo sijui, alikuwa amesoma. Lakini Cucu aliamini, usiku na mchana, na kila alipokohoa alishika tumbo. Shule zilipofunguliwa dada yangu alienda akasema anataka sheria. Mwalimu Wafula hakuamini masikio yake, niliambiwa, akamwuliza mara mbili. Kisha naye akahamishwa, wengine walisema Timau, na sikumwona tena.

Hayo mengine yalienda vile Kimondo alitaka, karibu yote. Wangeci akaenda chuo kikuu, akawa wakili, akafungua ofisi Nanyuki. Alivaa ile nguo nyeusi. Watu walisema ameinua jina la nyumba, na akija nyumbani kwa gari, watoto walikimbia nyuma ya vumbi lake. Lakini bomani kwa ng'ombe hakuingia tena. Alisimama nje ya ua na viatu vyake vizuri, akamtazama yule ndama aliyemvuta, ambaye sasa ni ng'ombe mzima mwenye watoto wake, akamtazama tu, halafu anauliza chai iko wapi. Na nyama ya mbuzi hajaila mpaka leo. Kwenye harusi, kwenye ruracio za kupeleka mahari, sahani ikipita anaipitisha.

Kimondo alingoja. Wangeci alipoimarika, akamfuata Nanyuki. Nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kumsaidia na mtoto wake wa kwanza. Alikuja asubuhi, shati jeupe lile lile, amefunga mbuzi kwenye geti, mbuzi analia mtaa mzima unasikia.

"Sasa wakati umefika, mwanangu," akasema akiketi bila kukaribishwa. "Ule mpaka. Nimeleta na kitu kidogo, tule tukiongea."

Wangeci alikuwa ananyonyesha. Akamwambia, kwa heshima zote, "Baba mdogo, hiyo kesi mpelekee Wangeci. Yeye ndiye alikula."

Cucu tulikuwa tumemzika muda mrefu. Kimondo alicheka, akifikiri ni utani, akanitazama mimi ili nicheke naye. Nilimtazama tu. Cheko likamkauka usoni. Alifungua mbuzi wake getini, akaenda naye akimburuta, na ule mpaka alishindwa.

Sasa wote wamekwenda. Gathogo, Kimondo, baba, nimewazika mmoja mmoja, na kila mazishi nimesikia wakisifiwa kwa kipaza sauti, ati wazee wa hekima, ati walisomesha. Nilikaa pale kwenye hema nikihisi kooni ile ladha ambayo Cucu hakuweza kuitoa. Mashamba waliyopigania yamekatwa vipande hata mbuzi hawezi kugeuka. Kiwanda cha kahawa kimeota majani. Uji wa kibuyuni hakuna anayejua kuuchachusha, na mvua ikipiga mabati ni mimi tu ninayemkumbuka mama akitukana. Hayo nayalilia. Lakini ule mviringo wa wanaume na mafuta yao kwenye viwiko, huo siulilii. Huo uoze.

Yule msichana wa juzi alitoa kondo lote, akalitandaza chini akaliangalia kama halijakatika, kisha nikammwagia maji. Nilimshika mkono nikausugua mwenyewe kwa sabuni, glavu ilikuwa imepasuka kwenye kiwiko na uchafu umepita. Akaniacha nimsugue. Mkono mwembamba.

"Nani alikuchagulia hii kazi?" nikamwuliza.

"Nilichagua mwenyewe, cucu. Mathe alitaka nikuwe nesi, tukagombana kidogo, akazoea."

"Hamkuchinja mbuzi?"

"Mbuzi ya nini, cucu?" Akacheka, vishimo vikaingia mashavuni, akawasha pikipiki.

Alipoenda nikampigia Wangeci simu. Siku hizi miguu imemkataa, anakaa tu pale Nanyuki karibu na dirisha. Nikamwambia habari yote, msichana, glavu, mkia.

"Alitumia mkono gani?" akauliza.

"Wa kulia."

"Aa. Na lilitoka lote?"

"Lote. Alilitandaza akaliangalia."

"Vizuri. Wengine hawaangalii." Nikamsikia akisogeza simu sikioni. "Nyambura, lilinuka?"

"Lilinuka mpaka huyu mke wa mjukuu akakimbia."

Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu, kama anaweza kuipata kutoka huko aliko.

"Lilinukaje?" dada yangu akasema. "Niambie polepole."

Nikageuza ndoo juu chini, nikaketi hapo hapo bomani, nikamwambia.